Mgonjwa wa Miaka Mitatu

Usiku wa kuamkia siku ya swali sikupata usingizi. Redio niliitia betri mpya tangu jioni, nikaijaribu mara nne, kisha nikaanza kuogopa kwamba kwa kuijaribu nazimaliza. Binti yangu alikuwa amelala chumba cha pili, mimba ya miezi tisa kasoro siku chache, na kila kitanda chake kilipolia nilikuwa mlangoni kabla hakijanyamaza. Mara ya tatu akaniambia, bila kufumbua macho, "Mama, nageuka tu. Kugeuka si uchungu."

Swali lenyewe lilikuwa la mbunge wetu, nalo lingejibiwa bungeni saa tatu asubuhi: ni lini serikali itaifungua wodi ya wazazi iliyokamilika miaka mitatu iliyopita? Wodi hiyo iko hatua mia mbili na kumi kutoka mlangoni kwangu. Nimezihesabu. Hospitali ya wilaya iko kilomita arobaini na mbili, na njia yake mvua ikinyesha haipitiki hata kwa gari la wagonjwa, ambalo nalo mara nyingi ndilo linaloumwa. Mume wangu alikuwa safarini na lori, mkwe wangu yuko kambini kwenye ujenzi wa barabara huko mbali. Wodi ikifunguliwa, mwanangu angekwenda mwenyewe kwa miguu yake. Isipofunguliwa, kazi yangu ingekuwa kuangalia mawingu.

Lakini ninayetaka kueleza habari zake ni shemeji yangu, kwa sababu bila yeye swali lile lingejibiwa kama maswali mengine, na kusahaulika kama mengine.

Shemeji ni mdogo wake mume wangu, na ni mlinzi wa wodi hiyo tangu siku ilipopakwa rangi. Mtaani wanamwita Kamanda, kwa kumtania, maana ni mwembamba hivi kwamba akigeuka ndani ya koti lake la kazi, koti hubaki limetazama mbele. Silaha zake ni tochi na filimbi. Tena ni mtu asiyejua kuongopa. Sisemi hivyo kumsifu. Kwake huo ni kama ugonjwa. Siku walipokuja kuniposa, wazee wetu walipouliza kama bwana mwenyewe ana hasira, yeye alijibu kutoka nyuma, ambako hakuna aliyemuuliza, "Anazo, ila za asubuhi tu." Ni kweli, ni za asubuhi tu.

Wodi ilipokwisha, wakubwa wa wilaya walileta vitanda kumi na viwili, katoni moja ya fomu, utepe mwekundu na barua. Utepe ukafungwa mlangoni. Barua ikabandikwa ukutani, imetiwa sahihi na Mganga Mkuu wa wilaya: mlango mkuu usifunguliwe mpaka mgeni rasmi afike. Mgeni rasmi akapangwa, akaahirisha. Akapangwa mwingine, akahamishwa. Wa tatu hatukusikia habari zake tena. Utepe ukafifia mpaka ukawa rangi ya chai. Muuguzi wa zahanati ya jirani, aliyesomea ukunga, akaendelea kuwaandikia wajawazito barua za kwenda wilayani, huku ukuta wa nyuma ya kiti chake ukiwa ndio ukuta wa wodi yenye vitanda kumi na kimoja vilivyotandikwa nailoni.

Nasema kumi na kimoja kwa sababu cha kumi na mbili hakikuenea. Kiliwekwa kwenye stoo ya nyuma, yenye mlango wake, na humo ndimo Kamanda alimokuwa akipumzikia.

Mwezi ule wa kwanza ulipoisha, karani wa wilaya alipiga simu kuuliza kwa nini wodi mpya haileti fomu za mwezi. Kamanda akamwambia hakuna wa kuzijaza. Karani, mtu mwenye haraka zake, akasema aliyepo ajaze, asiache nafasi tupu hata moja, akakata simu. Mtu mwingine angecheka. Shemeji yangu alikwenda kununua kalamu.

Alizijazia kwangu, kila mwisho wa mwezi, huku mimi nikishona sare za shule. Vitanda vinavyotumika: kimoja. Waliokuwemo usiku: mmoja. Waliofariki: hakuna. Nilimuuliza kama haoni kwamba wanataka habari za wagonjwa. Akaigeuza karatasi anionyeshe.

"Shemeji, wameuliza waliokuwemo. Mimi nilikuwemo. Nikiandika hakuna mtu, nitakuwa nimekiri kwamba sikuwa lindoni."

Nikarudi kwenye cherehani. Mwezi mmoja paka alizaa ndani ya ile katoni ya fomu. Kamanda alifikiri mpaka chai ikapoa, kisha kwenye nafasi ya waliozaliwa akaandika wanne, na kwenye maoni akaongeza: mama na watoto wote wazima. Nilicheka mpaka sindano ikanichoma kidole. Nilidhani karatasi zile zinaishia kwenye kabati fulani wilayani, na huenda zingeishia humo kama si mbunge.

Mbunge wetu, kabla ya siasa, alikuwa mwalimu wa hesabu. Alikuja kwangu kupunguziwa gauni, na nilipokwisha kumzungushia futi kiunoni nikaona sasa hawezi kukimbia, nikamwaga yote: wodi, utepe, mwanangu, barabara. Nilitegemea ataniambia pole, kisha aangalie saa. Badala yake akaniuliza ni wajawazito wangapi waliopelekwa wilayani mwaka huu. Sikujua. Wangapi walijifungulia njiani? Sikujua hilo pia. Nikajisikia kama mtoto aliyesahau kazi ya nyumbani.

"Nenda kajue, mama," akasema. "Nikiwauliza lini, watanijibu karibuni. Nikiwauliza wangapi, itabidi wahesabu."

Nikaenda kwa muuguzi, tukafungua daftari lake ukurasa kwa ukurasa, na hesabu tuliyopata nikampelekea mbunge. Mia na arobaini walipelekwa. Tisa walijifungulia njiani. Mmoja hakufika. Huyo mmoja nilikuwa nimemshonea gauni la harusi, na vipimo vyake bado vimo kwenye kitabu changu.

Basi asubuhi ya swali tukakaa mezani, mimi, binti yangu, na Kamanda aliyetoka zamu na koti lake. Spika akaita swali. Mbunge akaomba lijibiwe. Naibu Waziri akasimama, na sauti yake ilikuwa nzuri, ya mtu aliyelala vizuri. Alisema kwamba kwa kumbukumbu zilizopo wizarani, wodi hiyo inatoa huduma kwa miaka mitatu sasa. Haijawahi kukosa mtu hata usiku mmoja. Haijapoteza mgonjwa hata mmoja. Na mwaka jana wamezaliwa humo watoto wanne kwa mpigo, ambao pamoja na mama yao wanaendelea vizuri.

Tukasikia meza zinapigwa kwa furaha. Binti yangu aliacha kutafuna. Nikamtazama Kamanda, naye alikuwa anaitazama redio kama mtu aliyetajwa kwa jina.

"Takwimu zangu," akasema kwa sauti ndogo. "Wamezisoma zote."

 Kama serikali imesema mlango uko wazi, nani tena atajisumbua kuufungua? Nikaanza kuhesabu kichwani nani mtaani ana gari lenye matairi mazuri. Ndipo Spika akamruhusu mbunge aulize swali la nyongeza.

Kumbe alikuwa amekwisha omba nakala za fomu wilayani, zote thelathini na sita, na amezijumlisha. Akashukuru kwa majibu mazuri, kwa upole ule wa mwalimu anayekuita ubaoni. Kisha akasema kumbukumbu hizo zinaonyesha kwamba aliyekuwemo wodini kila usiku kwa miaka mitatu ni mtu mmoja, kwenye kitanda kimoja. "Je, mgonjwa huyo ni nani, anaumwa nini, na mimba yake sasa ina miezi mingapi?"

Bunge zima likaangua kicheko. Spika alitaka utulivu mara tatu. Naibu Waziri, sauti yake sasa ya mtu aliyeamshwa, akaahidi kwamba wataalamu wake watafika kabla ya Ijumaa kumjulia hali mgonjwa huyo.

Kamanda akaweka kikombe chini. Akaniuliza kama inampasa awe kitandani watakapofika.

Siku iliyofuata Mganga Mkuu wa wilaya alikuja mbio, shati limetoka nje ya suruali. Nilikuwa nampelekea shemeji chakula, kwa hiyo niliyasikia yote, na yale ambayo sikuyasikia nilisogea. Alianza kwa kumwomba Kamanda azirekebishe fomu. Kamanda akasema zimeshapigwa muhuri, na muhuri ni wa ofisi yake mganga. Mganga akamwambia basi fungua huu mlango, wakija waukute wazi. Kamanda akamwonyesha barua ukutani. Mganga aliisoma, akaiona sahihi yake mwenyewe, akaiangalia kama mtu anayemtambua ndugu wa mbali kituo cha polisi. Angeweza kuandika barua nyingine, lakini barua ina tarehe. Barua ya kufungua leo ni kukiri kwa maandishi kwamba jana palikuwa pamefungwa. Akaingiza shati ndani ya suruali, akaondoka.

Alhamisi mvua ilianza alfajiri. Mwanangu naye alianza alfajiri, na safari hii hakuwa anageuka. Nilimtuma jirani kwa wenye magari, wote wakajibu kwamba barabara imeshakatika. Tukatembea zile hatua mia mbili na kumi chini ya mwavuli mmoja, tukisimama kila uchungu ulipokuja, mimi nikimwambia apumue na mwenyewe nikisahau kupumua.

Tulipofika, baraza ya wodi ilikuwa imejaa. Magari mawili yalikuwa yametangulia kabla barabara haijakatika, na sasa hayakuwa na pa kwenda. Palikuwa na afisa wa wizara mwenye faili, Mganga Mkuu, muuguzi wetu, na mbunge ndani ya lile gauni nililompunguzia. Afisa aliomba aonyeshwe mgonjwa. Kamanda akabana visigino.

"Ni mimi, mkuu. Siumwi."

Afisa akafungua faili, akalifunga, akauliza kwa sauti ya chini habari za wale watoto wanne. Kamanda akamwambia wameshakua, mmoja yuko zahanati anawasaidia na panya. Mbunge alikohoa ndani ya leso kwa muda mrefu. Afisa akageuka rangi, akamwambia mlinzi afungue mlango mara moja.

"Ndiyo, mkuu," akasema Kamanda. "Wewe ndiye mgeni rasmi?"

Mvua ikazidi juu ya bati. Nilimwona afisa anavyofikiri, maana hata mimi nilikuwa nafikiri. Akisema ndiye, basi leo ndiyo siku ya ufunguzi, na Naibu Waziri alisema uongo bungeni. Akisema siye, barua iko ukutani. Mbunge hakumsaidia, alikunja mikono kama anayesubiri hesabu ifike kwenye jibu. Mwanangu akanishika bega, kucha zikaniingia.

Mimi elimu yangu ni ya darasa la saba, na sijawahi kumuuliza chochote mtu mwenye faili.  Lakini nikasema, "Mheshimiwa, nina swali la nyongeza."

Afisa akanitazama.

"Huyu mwanangu akijifungulia hapa barazani, kwenye fomu ya mwezi huu mtoto ataandikwa amezaliwa wapi? Maana huyu mlinzi mmeshamjua. Ataandika."

Wote wakamgeukia Kamanda. Alikuwa tayari na kalamu mkononi. Hakuwa anamtisha mtu, ni vile alivyo.

Afisa akafuta uso kwa kiganja. Akauliza, polepole, mgeni rasmi anatakiwa kuandikisha nini. Jina, Kamanda akamjibu, cheo, tarehe na saa ya kufika. Afisa akafumba macho. "Andika," akasema. Shemeji yangu akainama kwenye daftari, akaanza kuandika kwa mwandiko wake ule wa taratibu, akauliza cheo kinaandikwa kwa kirefu au kwa kifupi.

"Baba mdogo," mwanangu akasema huku ameyauma meno, "ufunguo kwanza."

Akaiacha kalamu juu ya daftari. Muuguzi akatoa mkasi mfukoni, akaukata utepe, ukaanguka kwenye maji na hakuna aliyepiga makofi. Kufuli liligoma, kisha likaachia. Mlango wenyewe ulikuwa umevimba kwa mvua za miaka mitatu, haukutikisika. Kamanda akauwekea bega, akarudishwa. Afisa wa wizara akampa Mganga Mkuu faili, akakunja mikono ya shati, akaweka bega lake karibu na la mlinzi, wakasukuma pamoja, mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu mlango ukafunguka, wakaingia nao kwa magoti, na mwanangu akawapita hapo sakafuni, akaenda moja kwa moja kwenye kitanda cha kwanza.