Klachi Iliyokataa Kuachia

Watu wa mtaa walimwita Bisibisi kwa sababu hata akienda kununua sukari alikuwa nayo mfukoni. Alikuwa fundi pikipiki, mwanamke wa makamo mwenye maneno machache, na gereji yake ilikuwa ukumbi wa nyuma wa nyumba aliyoishi na kaka yake na binti wa kaka huyo. Kaka alishinda humo juu ya tairi kuukuu, gongo magotini, akitoa ushauri ambao hakuna aliyemwomba. Zamani mguu wake ulivunjika chini ya pikipiki iliyokataa kusimama, na tangu hapo injini ikinguruma karibu naye, mkono wake hulishika gongo wenyewe.

Ndiyo maana kaka alilishika gongo kwa mikono miwili siku binti alipoleta pikipiki ya kupandia mawe. Ilikuwa ya mtumba, nyembamba kama panzi, haina kiti, maana mpandaji wake husimama wima muda wote. Binti alitaka kushindana nayo kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa. Huko unapanda jiwe refu, unasimama kileleni ukiwa umebana klachi, kisha unageuka. Mbele ya jiwe ni korongo.

"Klachi yake ina maringo kidogo," binti alisema. "Nikiibana, gurudumu bado linataka kwenda."

"Chombo chenye maringo kitafute sanduku lake mapema," kaka akaguna.

"Nyamaza, kaka. Hata mgonjwa hupewa dawa kabla ya sanda."

Klachi ile haikuvutwa kwa waya bali kwa mafuta: unabana mkono kwenye usukani, mafuta yanasukuma, klachi inaachia injini. Bisibisi alishuku kuna upepo ndani. Akaijaza kwa mafuta yake ya breki, kutoka kwenye chupa yake kuukuu yenye tundu la msumari kifunikoni. Aliitumia kwa kila chombo. Aliyemfundisha kazi alimwachia kauli moja: mafuta ni mafuta, mafundi ndio wanaotofautiana. Akalegeza skrubu ya chini na kuyakinga kwa chupa ya jemu mafuta yaliyotoka, ya zamani kwanza, kisha mapya yaliyoyafuata, hadi vipovu vikakoma. Chupa ya jemu akaiweka dirishani.

Kisha akaiinua pikipiki juu ya kreti, gurudumu la nyuma likining'inia, akawasha, akatia gia, akabana klachi. Gurudumu likatulia.

"Imepona," alisema.

Asubuhi likazunguka tena. Akafungua ubavu wa injini na kuzitoa sahani za klachi, zilizokuwa zimegandana kwa oili nzito. Akazisafisha, akabadilisha oili, akaongeza mafuta kidogo kwenye kikopo cha klachi pale usukani, kutoka chupa ile ile. Likatulia. Imepona, alisema tena. Lakini binti alirudi kutoka mazoezini na glavu iliyochanika.

"Shangazi, leo ilikuwa inaningoja."

"Inakungoja vipi?"

"Nikibana, inatii. Nikiendelea kubana, inaanza kusogea polepole. Kama inangoja nisahau."

"Ni mkono wako unalegea. Ukiambiwa kula, unachezea kijiko."

Binti aliutazama mkono wake. Shangazi ndiye aliyemlea. Akisema ni mkono, ni mkono. Na shangazi, kwa wema, akaongeza mafuta tena.

Siku ya mashindano binti alitangulia. Bisibisi alibaki akifagia, amfuate baadaye.

"Hii supu yako ya dirishani utaimwaga lini?" kaka aliuliza.

Bisibisi aliichukua chupa ya jemu, akaiinua kwenye mwanga. Mafuta yalikuwa yamejitenga: ya zamani, ya kijani, yako juu, yake, ya manjano, yako chini, na mstari kati yao umenyooka kama uzi. Akaitikisa. Yakachanganyika, yakatulia, yakaanza kujitenga tena. Basi klachi ile ilikuwa na mafuta yake mengine kabisa, na mpira wa ndani ulitengenezewa hayo. Ya kwake yalikuwa yakiuvimbisha na kuulainisha, mpaka haukuweza tena kuushikilia msukumo. Kila dawa aliyompa mgonjwa ilikuwa sumu.

"Kuna nini?" kaka aliuliza, gongo tayari mkononi.

"Si mkono wake," alisema, na alikuwa ameshatoka.

Alipofika machimboni akihema, binti alikuwa kileleni, akingoja ishara ya mwamuzi. Injini ilinguruma taratibu. Vidole vilikuwa vimebana klachi hadi mwisho, na hata hivyo gurudumu la mbele lilisogea. Kidogo tu. Kokoto moja ikadondoka korongoni.

Hakuthubutu kupiga kelele. Mtu akigutuka hulegea. Akasogea mpaka macho yao yakakutana, akakunja ngumi, akaivuta kwa nguvu kifuani. Ilikuwa ishara yao: vuta kamba ya kuzimia injini, ile iliyofungwa kifundoni mwa mkono. Binti alisita. Ukizima juu ya jiwe, umeshindwa, na kila mtu anatazama. Gurudumu likasogea tena.

Akavuta.

Bisibisi alipanda kwa magoti, akalikumbatia gurudumu la nyuma.

"Achia klachi."

"Nikiachia itaondoka, shangazi."

"Imezimika, na iko kwenye gia. Ukiachia ndipo itashika. Achia, mwanangu."

"Ulisema ni mkono wangu."

"Nilikosea. Ni chupa yangu."

Binti akaachia, kidole kimoja kimoja. Pikipiki ikatetemeka mara moja, ikashika jiwe. Lakini Bisibisi hakuondoa mikono yake kwenye gurudumu mpaka mwamuzi alipowafikia na kamba ya kuifungia pikipiki.