Mama Mkwe Apiga Kizungu Kikima

Juzi niliingia duka moja la mabati pale Kikima kununua misumari, nikatoka mwalimu wa Kiingereza. Mimi, niliyeacha shule darasa la saba! Wenye digrii mnisamehe.

Mwenye duka alikuwa akimfundisha mama mkwe wake maneno ya kuombea viza, aende akamwone mjukuu aliyezaliwa ng'ambo. Lakini kwetu Ukambani mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Kwa hivyo mama alikaa benchi la nje, mgongo dukani, nami katikati nikibeba maneno.

"Mwambie aseme, I am going to see my grandchild," mkwe akaninong'oneza.

Nikamwambia, kisha nikaongeza ujuzi wangu. "Mama, hiyo I am going to ni kama wilbaro ya kubebea mchanga. Haibadiliki. Badilisha mzigo tu."

Akajaribu. I am going to cook. I am going to come back. Akashika moto kabisa.

"Na nikitaka kusema ni yeye, si mimi?"

"Weka You are. Wilbaro ni ile ile."

Akafikiri kidogo. Kisha akageuka mzima mzima, akamkazia mkwe macho.

"You are going to repair my roof!"

Mkwe akajificha nyuma ya mabati yake mwenyewe. Mama akarudi kutazama barabara, ametulia.

"Kijana wangu, mwambie mimi sijasema kitu. Hicho ni Kizungu."

Viza atapata huyo. Jumamosi nilipita kwake nikamwona mkwe juu ya paa, na nyundo mkononi.