Nyasi Mpya Nyumbani kwa Shangazi

Mafundi wa kuezeka walichungulia mlangoni, wakatazamana, wakakataa kazi. Nyumba ya shangazi yangu huko Muleba ilikuwa msonge wa zamani, nyasi tupu kuanzia kileleni hadi chini, na paa lilikuwa limeoza. Ndani hapakuwa na pa kusimamisha hata ngazi. "Toeni mizigo kwanza," walisema. "Tutarudi kesho."

Mvua zilikuwa karibu. Baba alikwisha kutoa neno: nyumba isipoezekwa, dada yake ahamie kwake. Shangazi hakutaka kusikia hilo. Mumewe alizikwa pale pale kibanjani, kati ya migomba na mibuni, na mtoto hawakujaliwa. "Nikiondoka, atabaki na nani?" aliniuliza.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya wasichana mjini Bukoba. Likizo ilikuwa imeanza na sikuwa na mume wa kumuaga, kwa hiyo nikatumwa mimi kusimamia kazi. Nilikuja juu ya lori lililokuwa likifuata kahawa, nikidhani kazi ile ni ya asubuhi moja.

Kutoka mlangoni hadi mekoni kulikuwa na kijia cha kupita mtu mmoja, tena kwa ubavu. Pande zote vitu vilipandana: madebe ya mafuta ya taa, magunia yaliyotoboka, vibuyu, chupa, mikeka iliyoliwa na mchwa, mwavuli uliobaki mbavu tupu. Vigoda vilikuwa vingi kuliko vya nyumba yenye harusi, vimebebana hadi kwenye kiza cha paa, na hapakuwa na pa kukaa.

Kila nilichotoa, shangazi alikifuata uani.

"Chungu hiki kimepasuka, shangazi."

"Kimepasuka upande mmoja. Upande wa pili ni mzima."

"Na debe hili? Halina kitako."

"Na wewe huna mume. Nimekutupa?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Nikamuuliza vigoda vyote vile ni vya nini.

"Vya wageni."

"Wageni gani? Wangepita wapi?"

"Waliacha kuja kwanza," alisema. "Vitu vilikuja baadaye."

Alipindua lile debe lisilo na kitako, akaketi juu yake nyuma ya rundo la magunia, akaanza kupangusa chupa moja moja kwa upindo wa nguo yake.

Nyasi kuukuu za sakafuni zilikuwa zimegeuka matope meusi chini ya vitu. Nilizikwangua nikazimwaga migombani. Kisha nikaenda rweya, ule uwanda wa wazi nje ya vibanja, nikakata nyasi laini za kutandika sakafuni mafundi wakishamaliza. Nilirudi na mzigo mkubwa kichwani, kanga imefungwa kiunoni, macho mekundu kwa vumbi na masizi. Majirani walinisalimu kutoka kwenye nyua zao. Niliitikia kwa kifupi, maana shingo iliniuma. Nikarudi kukata mzigo wa pili, na wa tatu.

Sikuwaza jinsi hayo yote yalivyoonekana. Vitu vya nyumba viko nje, mgeni kutoka mjini ana macho mekundu, na nyasi zinaingia nyingi, kama za kukaliwa na watu wa matanga.

Kilio kilianzia migombani. Kwanza alitokea mama wa kibanja cha chini, kuni kichwani, akilia kwa sauti. Nyuma yake wakaja wanawake wenye mikungu ya ndizi na mitungi ya maji, na mzee mmoja aliyekumbatia kibuyu cha lubisi, pombe yetu ya ndizi. Ua ukajaa kabla sijafungua kinywa.

Shangazi akainuka nyuma ya magunia, chupa mkononi.

"Nani amekufa?"

Kilio kikakatika. Mama wa kibanja cha chini akatua kuni zake taratibu.

"Wewe, mae."

Mtu mmoja akaguna kicheko, akakimeza. Shangazi akatazama kuni, akatazama mikungu, kisha nyuso zao, moja baada ya nyingine.

"Kumbe mngekuja," alisema.

Mzee mwenye kibuyu alikohoa, akasema chakula cha msiba hakirudishwi nyumbani, waitu, ndugu zangu, kitapikwa hapa hapa. Kikapikwa. Walikaa kwenye vile vigoda, vyote, na shangazi akawazungushia kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo. Aliwahudumia bila kuketi hata mara moja. Jua lilipoelekea kuzama waliaga, wakiahidi kuja kumtazama.

Mafundi walirudi kama walivyosema, nyumba ikaezekwa, mvua zikaikuta ina paa jipya. Shangazi akabaki na mumewe.

Likizo iliyofuata nilikwenda tena. Madebe yalikuwa yamerudi ndani, na magunia, na mwavuli. Lakini katikati, mbele ya meko, aliacha duara wazi lililotandikwa nyasi mbichi, na vigoda vimepangwa kulizunguka. Aliniambia anabadilisha nyasi hizo kila wiki, anakwenda kuzikata mwenyewe.

Niliinama kuzigusa. Zilikuwa bado zimetuna, hakuna palipokanyagwa wala kukaliwa.

"Karibu," alisema. "Chagua popote."

Nikakaa katikati.