Waliompigia Kura Mama Mdogo

Mwaka tulipompata mwenyekiti wa kitongoji kwa kura ishirini, kila niliyekutana naye njiani alikuwa amempigia kura mama yangu mdogo. Ndivyo walivyosema wenyewe. Mama mdogo alipata kura kumi na tisa, lakini ukiwasikiliza watu ungedhani alipata mia na ushee. Nimewahi kuwasimulia wageni jambo hili na huwa wanacheka. Nami hucheka nao kidogo, kisha natafuta kazi ya kufanya.

Kitongoji chetu kiko juu ya Mlali, pale barabara inapochoka na dereva wa bodaboda anakwambia, "Mama, shuka, hapa tunakokota." Tunalima njegere, kabichi na maharage kwenye miteremko ambayo mgeni akiiona huuliza kama tunajifunga kamba. Ardhi kwetu hupita upande wa mama, kwa hiyo shamba ninalolima lilikuwa la bibi mzaa mama, na kabla yake la mama yake. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa darasa la tatu. Mdogo wake akanichukua, akanilea, akaniozesha, na ndoa ilipovunjika akanipokea bila kuniuliza maswali. Nikisema mama, mara nyingi ni yeye.

Hatua kama mia kutoka nyumbani kwake kulikuwa na chemchemi chini ya mikuyu mitatu mikubwa. Ukoo mzima ulichota hapo. Maji yalisema mchana kutwa, na sisi tuliozaliwa hapo hata hatukuwa tunayasikia tena, mpaka aje ndugu kutoka mjini asimame mlangoni na kuuliza kama mvua inanyesha. Wazee walisema chemchemi ile ni ya bibi zetu waliotangulia, na kwamba wanatuachia tu tuitumie. Nilipokuwa mtoto nilichota haraka haraka bila kutazama nyuma.

Eneo lililo juu ya chemchemi lilikuwa mikononi mwa ndugu yetu mmoja aliyehamia Dar es Salaam miaka mingi. Akampata mnunuzi. Karatasi ya kuuziana shamba huku kwetu haisogei bila muhuri wa mwenyekiti wa kitongoji, kuthibitisha kwamba eneo halina mgogoro, na mwenyekiti wa zamani, mzee mbishi ajabu, alikataa katakata kuugonga. Alisema akigonga, hao bibi watamwamsha usingizini. Kisha akazeeka, miguu ikamkataa, akasema sasa basi, tafuteni mwingine.

Hapo ndipo mama mdogo alipochukua fomu. Mwanamke ambaye hata kwenye vikao vya harusi husema neno moja akakaa. Aligombea kwa sababu moja tu na hakuificha: muhuri ule usiangukie kwa mtu wa kuugonga. Mpinzani wake alikuwa mwenye duka, mpole, mcheshi, wa kwanza kufika msibani na wa mwisho kuondoka. Hakuwa na ubaya na mtu. Yeye alisema tu kwamba mali ya mtu ni ya mtu, akitaka kuuza, auze.

Kitongoji chetu kina watu wazima zaidi ya mia mbili, na karibu nusu ni ukoo wetu. Kila alikopita mama kuomba kura waliitikia, "Yako hiyo, mama." Ilikuwa wazi mno kwamba atashinda, na naona hapo ndipo tulipoharibikiwa. Kwenda kumpigia kura mtu ambaye ameshashinda ni kama kwenda kusukuma gari lililokwisha kuwaka. Wengine walisema uchaguzi wa maana ni ule mkubwa, huu wa huku chini ni wa kumpata mtu wa kugonga mihuri. Walisema kweli tupu, na hicho ndicho kilichotumaliza.

Mimi nilikuwa na matenga mawili ya njegere, zimeshachumwa, na njegere hazingoji mtu. Nilimwambia mama, "Nashuka alfajiri, nauza, saa sita niko shuleni." Upigaji kura ulikuwa kwenye darasa la shule ya msingi na mlango ulikuwa ufungwe saa kumi jioni. Akasema, "Haya, nakungoja." Nilimwona akijifunga kanga mpya, ile aliyoiweka tangu Idi.

Saa nne asubuhi njegere zilikuwa zimeisha. Nikasema nipitie Mafiga nimsalimie dada yangu, maana nikishuka mjini bila kumwona hulalamika mwezi mzima. Kwake kulikuwa na pilau, kulikuwa na televisheni mpya, na nje kikaanza kinyunyu. Saa saba niliinuka. Viatu vyangu vilikuwa mlangoni. Nilivaa kimoja, dada akasema, "Wewe na matope yote hayo, kura yako moja itafanya nini? Si mko ukoo mzima kule?" Nikacheka, nikakivua. Ule mguu mmoja ndani ya kiatu naukumbuka kuliko harusi yangu. Saa nane simu yangu iliita mara moja ikakatika. Nililiona jina la mama, nikailaza simu kifudifudi juu ya meza, na tayari nilikuwa nimeshatunga kwamba chaji iliisha.

Nilirudi kesho yake. Matokeo niliyapata kituo cha bodaboda kabla sijapanda mlima: ishirini kwa kumi na tisa. Nilimkuta mama uani anapukuchua maharage, na pembeni yake wageni watatu wamekaa kama walioleta pole ya msiba. "Sisi tulikupigia, mama," mmoja alikuwa anasema. "Sijui imekuwaje." Mama akawashukuru. Walipoondoka nikapiga goti, nikamwamkia, akaitikia marahaba. Halafu, Mungu anisamehe, nikasema, "Mama, hata mimi nilikupigia. Nilifika nimechelewa, nikaingia, nikatoka haraka, hukuniona." Akanitazama kidogo. "Asante mwanangu," akasema, akaendelea na maharage yake.

Wiki ile waliendelea kuja. Nilikuwa nakaa pale nachemsha chai na kuwahesabu kimoyomoyo, na walipofika arobaini nikaacha. Kila mmoja alikuwa na uso wa kweli. Nadhani wengine walikuwa wameanza kuamini wenyewe, kwa sababu hata mimi kuna siku nililiona lile darasa, nikajiona naikunja karatasi na kuitia sandukuni.

Basi hesabu haikukaa sawa, na hesabu isipokaa sawa watu hutafuta mwizi. Wote wamempigia, kura ni kumi na tisa, nyingine zimekwenda wapi? Aliyesimamia kituo alikuwa mwalimu wa shule ileile, mgeni kwetu, mtu wa Turiani, mtaratibu. Watu wakaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Wakaacha kumuuzia maziwa. Akisalimia kwenye chemchemi wanaitikia kwa kuguna. Mama alisema mara mbili, mbele za watu, kwamba kura hazikuibiwa, lakini hakuweza kusema zaidi bila kuwaita majirani zake waongo, naye hakuwa mtu wa hivyo. Mimi ningeweza. Ingetosha mtu mmoja tu aseme, "Mimi sikwenda," na wa pili angejitokeza, na wa tatu. Nilinyamaza. Muhula ulipoisha mwalimu aliomba uhamisho, akashuka na godoro lake kichwani, na hakuna aliyemsindikiza. Nilimchungulia kupitia migomba mpaka ukungu ukamfunika. Nikimkumbuka huwa naona aibu kana kwamba amesimama hapa.

Muhuri uligongwa kabla ya mvua za masika. Mnunuzi alizungushia uzio wa waya, akakata mikuyu, akachimba mabwawa ya samaki na kuvutia maji huko juu. Chemchemi ilipungua, ikawa ya kudondoka, kisha siku moja ikanyamaza. Tulikwenda wanawake kama thelathini ofisi ya kijiji. Mtendaji alifungua jalada, akatusomea karatasi taratibu, hakuna kosa hata moja. "Mwenyekiti wenu ndiye aliyethibitisha," akasema. "Mliyemchagua wenyewe." Mmoja wetu akasema sisi hatukumchagua. Mtendaji akauliza, bila kejeli, "Siku ile mlikuwa wapi?" Tulitazama miguu yetu, imejaa matope.

Mwenyekiti mwenyewe simchukii. Bado ni wa kwanza kufika msibani. Kwenye mikutano husimama na kusema, "Ninyi wananchi mlinipa dhamana," na sisi, zaidi ya mia moja na sitini tusiompa wala kumnyima, tunapiga makofi.

Kinachonitesa ni sauti. Nikiwa napalilia, jua limewaka, ghafla nayasikia maji. Nayasikia wazi, upande uleule. Nasimamisha jembe, nasikiliza, na inakuwa upepo kwenye migomba, au haiwi kitu. Mwanzoni nilidhani ni mimi peke yangu. Siku moja jirani yangu alisimama vilevile katikati ya tuta, kichwa kimeinama upande. Nikamuuliza umesikia nini. "Hamna," akasema, akaanza kulima kwa nguvu. Wapo wanawake ambao hadi leo wakitoka na ndoo miguu yao huwapeleka kwenye ule uzio, wanasimama pale mbele ya waya, kisha wanageuka. Hatusemi. Mama yeye alisema mara moja tu, kwamba bibi zetu hawajakasirika, wangekasirika tungejua. Wameondoka tu. Maneno hayo yalinitisha kuliko kama angesema wamekasirika.

Sasa tunachota kwenye kijito cha bondeni, njia ya mteremko mkali. Mama aliteleza huko mwaka juzi, nyonga ikavunjika, na tangu hapo hatembei mbali. Maji yake nayachota mimi, ndoo mbili asubuhi, mbili alasiri. Kila ninapopanda huwa nafanya hesabu moja, na ndiyo iliyonifanya niendelee kuishi na watu. Ningekwenda siku ile, nilikuwa najiambia, ingekuwa ishirini kwa ishirini. Sare. Wangerudia uchaguzi, na nani ajuaye, labda angeshindwa tena. Kwa hiyo si mimi niliyemwangusha. Ni hesabu ndogo, lakini mtu aliyebeba ndoo kichwani hushukuru kwa chochote.

Majuzi walikuja kumwomba agombee tena, maana uchaguzi umekaribia. "Safari hii tutakuja wote," walisema. Aliwakaribisha chai, akakataa kwa upole. Walipoondoka nilitua ndoo, nikakaa kwenye kigoda karibu na miguu yake. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo.

"Mama, ile kura ya mwaka ule," nikasema. "Sikuja. Nilikuwa Mafiga kwa dada. Nilikudanganya."

Hakuinua kichwa. "Najua," akasema.

Nikamuuliza amejuaje.

"Wagombea tuliwekewa benchi nje ya darasa. Nilikaa pale tangu wanafungua mpaka wanafunga. Walioingia niliwaona wote, thelathini na tisa. Ukitaka nitakutajia."

"Mbona uliwashukuru wale wote waliokuja hapa?"

"Ulitaka niwafukuze? Watu wamekuja nyumbani kwangu." Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa uani. "Na wewe nilikushukuru. Ulikuwa umeona aibu, ilitosha."

Nililia kidogo, nikajifuta kwa kanga. Kisha, kwa kuwa alikuwa mpole, nikaitoa ile hesabu yangu. Nikamwambia kwamba hata hivyo ningekuja ingekuwa sare tu, ishirini kwa ishirini.

Mikono yake ilisimama juu ya ungo. Nikaona kwamba anapima kama aniambie au aniache.

"Isingekuwa sare," akasema. "Hata mimi sikuingia."

Sikumwelewa. Nilimwambia, mama, wewe ulikuwa hapo hapo mlangoni.

"Nilikuwa hapo. Niliona haya kuinuka peke yangu mbele za watu, niende kujiandikia mwenyewe. Nikasema, mwanangu anakuja saa sita, nitamngoja tuingie pamoja. Saa sita ikapita. Saa nane nikakubipu. Yule mwalimu wa watu alitoka saa kumi kasoro, akaniambia, mama, nataka kufunga mlango, huingii? Nikamwambia, subiri kidogo mwalimu, mtu wangu yuko njiani."