Siku Nilishuka Kusukuma Boti

Mucheke tu, nimezoea. Wakati wa vita tulikimbilia Sake, kando ya ziwa, na marehemu mama yangu hakuwa anacheka tena. Siku moja ya Mungu nikamupandisha boti ya bei ya chini, tuzunguke ghuba tuone visiwa. Kijani tupu, kama milima yetu ya Burungu! Katikati ya maji, moteri ikazimika.

Sasa mimi, mutu wa Masisi kule milimani, nimekomaa juu ya mizigo ya kamiyo, yale malori ya barabarani. Kamiyo ikikwama, abiria wa bei ya chini wanashuka kusukuma. Nikavua viatu, nikaita, "Wanaume, tushuke!" Nikaruka.

Nilipoibuka, nimeng'ang'ania ubavu wa boti, mwenye boti akaniuliza taratibu, "Kaka, ulitaka kukanyaga wapi?"

Wa kwanza kucheka alikuwa mama.