Siku Mama Alipochinja Kuku Mwenyewe

Jumamosi ile Mama alichinja kuku wa sherehe ya mjukuu wake asubuhi, mimi nikiwa ndani napiga pasi vitambaa vya meza. Kufika adhuhuri, nusu ya jengo letu ilikuwa haisemezani na nusu nyingine.

Huyu Mama si mama aliyenizaa. Ni Mkongo wa Bukavu, fundi cherehani, mwenye karakana huku kusini mwa Afrika, mtaa wa Jeppestown, kwenye jengo la zamani lililokuwa kiwanda. Mimi nilifika kutoka Tanga na elimu yangu ya darasa la saba, najua kushona vifungo na kuota ndoto za mchana. Akanikalisha kwenye cherehani, akanifundisha kukata kitenge bila kupotosha maua yake. Karakana ipo chini, sisi tunaishi vyumba vya juu, Wakongo wa kanisani na Waislamu wa Tanga na Dar es Salaam kwenye korido moja. Nguo zetu zinakauka kwenye kamba moja, na ukikosa chumvi unagonga mlango wowote.

Kulikuwa na utaratibu mmoja ambao sikumbuki nani aliuanzisha. Kuku yeyote wa korido alichinjwa na Ami. Ami naye anatoka Tanga, analingana na baba yangu, ndiyo maana namwita hivyo. Ni mlinzi wa usiku kwenye ghala mtaa wa Doornfontein. Kwetu pwani jambo hilo halina mjadala: Mwislamu achinje, wote wale. Kwao Bukavu, Mama aliniambia, kila mtu anachinja wa kwake na maisha yanaendelea. Lakini hapa alishika desturi yetu, kwa sababu hapendi mgeni aingie kwake halafu akae na sahani tupu.

Sasa binti yake alikuwa amejifungua. Mimba zilizotangulia zilitoka zote, na Mama alikuwa ameshaacha kabisa kushona nguo za watoto wachanga, hata za wateja alikuwa ananipa mimi. Huyu alipozaliwa mzima, Mama aliweka nadhiri mbele yetu: siku mtoto akiletwa nyumbani, korido nzima itakula pilau kutoka sufuria moja.

"Siyo ingine ya Bakristo na ingine ya Baislamu," alisema. "Sufuria moja. Nilimuahidi Mungu."

Nikamuuliza kama Mungu ameona ukubwa wa sufuria yenyewe. Akanitupia kidonge cha uzi.

Basi Jumamosi hiyo Ami alirudi kutoka lindoni amechoka, akapanda kulala. Kuku walikuwa uani, wamefungwa miguu. Mama akaenda mpaka mlangoni kwa Ami, akamsikia anakoroma, akaona huruma. Akashuka polepole, akachukua kisu chake cha jikoni, akawachinja wote mwenyewe. Na kwa kuwa ni mtu wa kufanya mambo sawasawa, kila kuku alimgeuzia upande wa bomba la maji, ndiko kibla, kama alivyomwona Ami akifanya miaka yote, akasema Bismillahi kwa sauti, asije akaonekana kaficha kitu.

Dada mmoja wa kwaya alikuwa anafua hapohapo bombani. Alisikia.

Ami alipoamka akashuka kunawa, akakuta manyoya yameshajaa ndoo. Akauliza taratibu nani kachinja.

"Miye," alisema Mama, amefurahi kama mtoto aliyefaulu mtihani. "Nilikuacha ulale. Na ile maneno yako nilisema yote. Kila siku nasikiaka, nayijua."

Ami aliwatazama wale kuku, akamtazama Mama, akasema, "Basi mtakula nyinyi." Akapanda ngazi, akafunga mlango.

Hayo tu. Lakini ukuta wa uani una masikio na kila mtu ana simu. Haikupita hata muda wa kukaanga kitunguu, kwenye kundi la Waislamu ikaingia voisi ya mtu ambaye hata hakuwepo, anasema Wakongo wanataka kuwalisha watu kibudu. Kwenye kundi la kwaya ikaingia nyingine, inasema Mama ameslimu, amesikika kwa masikio, tena mbele ya bomba. Vijana wa Tanga wa karakana ya jirani wakaja kuchukua mabenchi waliyotuazima. Akina mama wa kwaya wakaanza kukunja viti vyao. Niliona watu wawili wanaoazimana chaja kila siku wakipishana ngazini, kila mmoja anaangalia ukuta wa upande wake.

Mama alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, kuku wamelala mbele yake ndani ya beseni. Hakulia. Aliniuliza tu, "Mtoto yangu, nilimukosea nani? Niliheshimu Mungu yake, na bado amekasirika. Sasa hata wetu wamekasirika."

Binti yake alikuwa njiani na mtoto, ndani ya teksi. Nikapanda kwa Ami.

"Shikamoo Ami."

"Marahaba. Kama umekuja kuniambia nile, usijisumbue."

"Nimekuja kukaa tu. Chini kuna makelele."

Nikakaa. Kisu chake kilikuwa mezani, kimefungwa kwenye gazeti jipya. Alikinoa tangu Alhamisi, alisema, maana kuku wa mtoto huchinjwa kwa kisu kikali, asiteseke. Halafu akafungua simu, akanionyesha picha za wajukuu wake walioko Tanga. Wote wamezaliwa yeye akiwa huku. Kila akika yao mbuzi alichinjwa na mtu mwingine, na yeye akatazama kwenye kioo cha simu, picha inakatika, mara sauti inapotea.

"Huyu ndiye niliyejiambia nitamchinjia kwa mkono wangu," alisema. "Yupo hapahapa, kwenye ngazi zangu. Halafu naamka, nakuta manyoya."

"Kumbe hujakasirika kwa sababu ya Bismillahi."

"Bismillahi ni ya Mwenyezi Mungu, mimi nitaikasirikia nini? Kula siwezi, hilo ni la dini yangu na Mama analijua. Lakini kilichonifungia mlango ni hicho kingine."

Mlango ulikuwa wazi kidogo. Mama alikuwa amesimama nje, sijui tangu saa ngapi, mikono bado ina manyoya.

"Niliona huruma juu ya usingizi yako, ndugu yangu," alisema.

"Usingizi upo kila siku, Mama. Mtoto anakuja nyumbani mara moja."

"Sasa ningejua namna gani? Ulikuwa unakoroma kama lori."

Ami alijitahidi kubaki amenuna. Nilimwona anavyojitahidi. Midomo ikamshinda, akacheka, na Mama akacheka mpaka akashika fremu ya mlango.

Wale kuku wa kwanza Mama akampelekea gogo, yaani bibi, wa spaza, kile kiduka cha chini, Mzulu mtu mzima asiye na habari na ugomvi wetu. Alipokea beseni kwa mikono miwili, akamwambia kwa Kiingereza kwamba tukigombana tena wiki ijayo tusimsahau. Ami akavaa viatu, akatoka na mimi mpaka kwa wale wanawake wanaouza kuku hai karibu na robot, taa za barabarani. Alichagua kama mtu anayechagua mahari, anampapasa huyu, anamrudisha, anamwambia muuzaji huyu ana mafua.

Tuliporudi uani tulimkuta Pasta wa kanisa la Mama, na nyuma yake akina mama wa kwaya wameshika viti vyao. Pasta ni mtu mpole, kinyozi, ila akisimama kama mchungaji anarefuka.

"Mama, kuslimu najua ni uongo," alisema. "Lakini nyama inayotajiwa maombi ya dini ingine, watu ya kanisa hawawezi kula. Lazima niseme, njo kazi yangu."

Mama alikuwa anamenya vitunguu saumu. Hakuinua kichwa.

"Pasta, zile kuku zote unakulaka kwangu Siku ya Mungu, unawazaka nani anazichinjaka?"

Kuku mmoja akalia.

"Na ile ya paketi unanunuaka dukani," aliendelea, "geuza paketi nyuma. Iko alama yao ya halali. Inchi hii mzima iko inakula hivyo, na Yesu eko anakusikia kila siku."

Dada wa kwaya, yuleyule wa bombani, ndiye aliyeanza kucheka. Pasta alimtazama, akamtazama Ami aliyeshika kisu na kuku, akavuta pumzi.

"Eish," alisema. "Basi Mungu amenilinda muda mrefu." Halafu akasema, "Lakini chakula nitakiombea."

"Omba," Ami alimwambia. "Ila uwe mfupi. Pilau ikipoa haisaidiwi na dua yoyote."

Ami akachinja. Tukanyonyoa wote, Wakongo na Watanzania, maana jua lilishapita upande wa pili na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kununa. Mabenchi yakarudi bila mtu kusema chochote. Zile voisi zilibaki kwenye simu za watu. Nilizisikiliza tena nikisubiri maji yachemke, nikaona zimetaja Mungu, kibudu, kanisa, msikiti. Hakuna hata moja iliyotaja mzee aliyetaka kuamshwa.

Teksi ilipofika, sufuria ilikuwa inafuka. Binti wa Mama akashuka na mtoto, kichwa kidogo kama chungwa, amelala fofofo. Mama akamchukua, akampitisha mbele ya Pasta kwa baraka, kisha akaenda moja kwa moja kumweka mikononi mwa Ami. Ami alikaa wima kabisa, kama amepewa trei ya mayai. Alikataa kula mpaka mtu mwingine aje kumpokea, na kila aliyenyoosha mikono alimwambia subiri kidogo.

Pasta aliomba. Hakuwa mfupi. Ami alisema Bismillahi yake mara moja kimyakimya juu ya kichwa cha mtoto, tukala, sahani zikijazwa kutoka sufuria ile moja mpaka mwiko ukaanza kugonga chini. Hapo ndipo ugomvi ulipozuka kweli. Ulikuwa ugomvi wa ukoko. Pasta alidai mgeni hupewa kwanza. Vijana wa Tanga wakasema Wakongo ukoko wameujua jana tu. Mama akaivuta sufuria katikati ya miguu yake, akashika kijiko, akasema kila mtu anyooshe mkono.