Chumvi, Fereti Aliyeng'ata Kila Mkono

Bupe Mwakyoma alikuwa na makovu kumi na manne mikononi, na kila moja alijua limetoka kwa nani. Hakuyaficha. Jumapili, watu wakitoka kanisani na kusimama kupiga soga, alikunja mikono ya blauzi na kumwonyesha yeyote aliyeuliza.

"Hili la kidole gumba ni la Chumvi," alisema. "Na hili. Na hili pia ni lake."

Alizaliwa Tukuyu. Alifika Durban mwaka 1995 akimfuata mumewe, dereva wa malori, na mwaka uliofuata yule bwana akaoa mwanamke mwingine Johannesburg. Bupe hakurudi nyumbani. Alipata kazi ya usafi Westville, katika kituo kinachopokea wanyama waliotelekezwa. Kila asubuhi alishuka kwenye taksi barabara kuu, akapanda kilima kwa miguu huku magari ya wenyeji yakimpita. Kazi yake ilikuwa ndoo, brashi na dawa ya kuua vijidudu. Kushika wanyama hakukuwamo. Aliambiwa hivyo siku ya kwanza, na siku ya pili akakumbushwa.

Mwezi wa Machi 1999 waliletwa fereti sita. Bupe hakuwa amewahi kuwaona. Ni wanyama warefu wembamba, jamaa wa kicheche, wenye mwili kama soksi iliyojazwa mchanga na meno kama sindano. Mfugaji wao alikuwa amefunga shamba lake. Aliwalea katika vizimba vya sungura na kuwashika kwa glavu nzito za ngozi tu, akiwakaba shingo. Kwa hiyo walichokijua kuhusu mkono wa mtu ni kukabwa.

Zénon Nduwimana, Mrundi aliyekuwa mhudumu wa wanyama pale kituoni, ndiye aliyefungua kizimba cha kwanza. Yule mweupe alimrukia, akamng'ata katikati ya kidole gumba na cha shahada, akaning'inia. Zénon aliutikisa mkono huku akipiga kelele kwa Kirundi na Kifaransa. Kadiri alivyoutikisa ndivyo yule mnyama alivyozidi kukaza taya. Alishonwa nyuzi nne na kuchomwa sindano ya pepopunda.

"Mimi sigusi tena ile kitu," alimwambia Bupe aliporudi kutoka kliniki, mkono umefungwa bendeji. "Dada, ile haiko mnyama. Ile iko shetani ya mkia."

Mkuu wa kituo, Mama Ramlall, Mhindi mzaliwa wa Durban, alikuwa mtu wa haki lakini hakuwa na maneno mengi. Aliwaita wafanyakazi wote akasema atawapa fereti wale wiki sita. Asiyeshikika baada ya hapo atadungwa sindano ya mwisho, maana hakuna familia ya kumpa mnyama anayetoa damu. Akauliza nani atajaribu.

"Nitajaribu mimi," Bupe akasema.

"Wewe ni wa usafi."

"Ndiyo, mama. Na vizimba vyao nitavisafisha vilevile."

Mama Ramlall akamkabidhi funguo.

Kosa la kwanza Bupe alilifanya siku hiyohiyo. Alidhani mnyama hushindwa kwa chakula, kwa hiyo akawalisha vipande vya kuku kwa vidole. Waling'ata kuku, wakaendelea na vidole. Jioni alikaa na maji ya chumvi akiloweka mikono, akifikiri. Hakuona uovu pale. Mkono unaonukia kuku ni kuku, wangejuaje tofauti? Tangu siku iliyofuata chakula kilikaa kwenye bakuli, mafuta ya samaki waliyoyapenda yakatolewa kwa kijiko, na mikono ikaoshwa kwa sabuni ileile kila mara, iwe na harufu moja tu: ya Bupe. Fulana aliyoivaa siku nzima aliikata vipande sita, akaweka kimoja katika kila kisanduku cha kulalia. Wakawa wanalala ndani ya harufu yake.

Glavu alizitupa kabatini. Alikaa sakafuni, akawafungulia mmoja mmoja, akawaacha wamzunguke. Alipong'atwa hakuvuta mkono, maana kuvuta ndiko kunakochana nyama. Aliusukuma taratibu kuelekea mdomoni mpaka mnyama mwenyewe akaachia. Kisha alimfunga kwenye taulo kama mtoto mchanga, akamkumbatia kifuani mpaka atulie. Hakumrudisha kizimbani akiwa na hasira hata mara moja.

"Akijua kuwa kuuma ndiyo njia ya kushushwa, atauma maisha yake yote," alimweleza Zénon, aliyesimama mlangoni bila kuthubutu kuingia.

Wiki ya tatu, jike mmoja mwenye rangi ya hudhurungi alianza kurukaruka kando kando, mgongo umepinda, mdomo wazi, akitoa sauti ya koko-koko kama kuku anayeatamia.

"Angalia, dada, anakasirika! Toka!" Zénon akapiga kelele.

Bupe hakutoka. Yule jike alimrukia pajani, akajiviringisha, akalala chali. Ilikuwa furaha. Ndivyo fereti wanavyocheza. Bupe akamwita Siagi, na kutoka siku hiyo Siagi hakumuuma tena.

Kufikia wiki ya tano watano walishikika. Aliyebaki ni yule mweupe pepe, aliyempa jina la Chumvi. Huyo alichanganya watu. Asubuhi angetambaa mpaka mapajani mwa Bupe kwa hiari yake, na dakika chache baadaye, akiguswa mgongoni, aligeuka na kuuma mpaka kwenye mfupa. Makovu tisa kati ya yale kumi na manne ni yake. Mama Ramlall alipita, akaona damu kwenye taulo, akasema kwa upole, "Watano ni wengi, Bupe. Umefanya kazi nzuri. Huyo mwache."

"Bado siku nane, mama."

Siku mbili baadaye, akisafisha, aliangusha ndoo ya bati. Mlio ulijaa chumba chote. Fereti watano walipotea ndani ya visanduku vyao. Chumvi alikuwa amempa mgongo, analamba ukucha wake. Hata sikio halikucheza.

Bupe alisimama palepale, maji yanamtiririkia miguuni. Akaiokota ndoo akaiangusha tena, makusudi. Chumvi akaendelea kulamba.

"Mama Ramlall!" akaita. "Mama, njoo! Hasikii! Huyu ni kiziwi!"

Hakuwa mkali hata kidogo. Kila mkono uliomjia kwa nyuma ulimtokea ghafla, kama mtu anavyoshikwa bega gizani. Bupe alianza upya. Kabla ya kumsogelea alipiga sakafu kwa kisigino mara tatu, akatulia, akapiga tena tatu, ili Chumvi asikie kwa miguu yake. Kisha alimwonyesha mkono kwa mbele, akamngoja aunuse. Kila baada ya visigino vitatu kulikuwa na kijiko cha mafuta ya samaki. Siku ya mwisho ya wiki sita, Mama Ramlall mwenyewe alipiga kisigino mara tatu, akanyoosha mkono wake wenye bangili, na Chumvi akaulamba. Mama akatoa kalamu, akafuta ile alama nyekundu ya sindano ya mwisho kwenye kadi ya kile kizimba.

Zénon aliacha kazi mwezi wa Juni, akaajiriwa na fundi wa nyaya bandarini. Mwezi wa Septemba akarudi kituoni akihema.

"Dada Bupe, iko shida kule port. Iko ofisi moja ya meli, wanataka kompyuta mpya zote zikuwe tayari mbele ya mwaka elfu mbili. Nyaya yake lazima ipite kwa bomba chini ya uwanja, mita sitini. Waya ngumu ya kusukuma inakwama kwa kona. Kuchimba hawaruhusu, malori inapita pale mchana na usiku. Nilimwambia bosi wangu, ninajua mama moja iko na wanyama wa kupita kwa tundu."

Mama Ramlall aliwapeleka kwa gari lake mwenyewe. Bupe alibeba Siagi na Chumvi, kila mmoja kwenye kikapu chake. Uwanjani kelele zilikuwa za kutisha: malori yanarudi nyuma yakilia, makontena yanashushwa juu ya zege. Walimvalisha Siagi mkanda mdogo uliofungwa mshipi wa kuvulia samaki, wa kuja kuvutia nyaya. Alipoingia hatua chache, kontena likatua, na Siagi akatoka mbio, akajichimbia kwapani mwa Bupe akitetemeka.

"Basi," akasema bosi wa Zénon, Mzungu mfupi aliyechomwa na jua. "Tulijaribu."

"Bado yuko mmoja," Bupe akajibu. "Yeye kelele zenu hazimhusu."

Lakini Chumvi hangeweza kuitwa kwa sauti. Bupe alipaswa kuwa upande wa pili wa bomba, agonge. Kwa hiyo upande huu alihitajika mtu mwingine wa kumshika. Akamgeukia Zénon.

Zénon aliutazama mkono wake wenye alama nne za nyuzi. "Eish, dada. Mimi?"

"Wewe. Gonga mara tatu. Muonyeshe mkono kwa mbele. Usimbane."

Zénon akapiga magoti, akagonga, akanyoosha mkono uleule. Chumvi akaunusa kwa muda mrefu, kisha akapanda juu yake mpaka kwenye kiwiko. Zénon alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua alicheka kwa sauti kama mtu aliyepona.

Bupe akaenda upande wa pili, akalala kifudifudi juu ya zege. Aliweka kitambaa chake cha kichwa mdomoni mwa bomba, akagonga kwa spana: tatu, akatulia, tatu. Upande ule Zénon alimvalisha Chumvi ule mkanda, akamwingiza bombani na kuachia mshipi, ukawa unaingia. Ukaingia, ukaingia, ukasimama.

"Umesimama!" Zénon akapaza sauti. "Kwa kona!"

Bosi akataka mshipi uvutwe. "Usiuvute!" Bupe akafoka, na hakuna aliyeuvuta. Lori likapita, ardhi ikatikisika. Akangoja lipite kabisa. Tatu, akatulia. Tatu, akatulia. Shavu lake lilikuwa juu ya zege. Kisha akasikia mkwaruzo mdogo wa kucha.

Kwanza ilitoka pua ya waridi, halafu kichwa chenye vumbi jeusi. Chumvi alisimama juu ya kitambaa, akapiga chafya, akamtazama. Nyuma yake mshipi ulikuwa mzima.

Wanaume uwanjani walipiga makofi. Bosi alikuja mbio, akainama kumchukua Chumvi kwa nyuma, na Bupe akaudaka mkono wake hewani.

"Hapana. Huyu hasikii. Kwanza jitambulishe."

Yule Mzungu mfupi akapiga magoti mbele ya watu wake, akagonga ardhi mara tatu.

Baada ya siku ile Chumvi alipitisha nyaya katika mabomba mengine saba, bandarini na mtaa wa Morningside, na daima Bupe alikuwa upande wa pili. Mama Ramlall alimtafuta mtu mwingine wa ndoo na brashi. Mwezi wa Novemba Bupe alikwenda kwenye ofisi ya vibali kuhuisha karatasi zake. Karani, kijana wa Kizulu mwenye miwani, alisoma fomu akasita.

"Kazi: mfunza fereti," akasoma. "Fereti ni nini, mama?"

Nyuma yake foleni ilikuwa ndefu, lakini Bupe hakufanya haraka. Aliweka mikono yake miwili juu ya kaunta, akamweleza tangu mwanzo: meno, taulo, ndoo iliyoanguka, bomba la mita sitini. Watu wa foleni walisogea kusikiliza. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni aliuliza kama wanauma.

"Wanauma sana," Bupe akasema. "Ndiyo maana ni kazi."

Karani akacheka, akashika muhuri. Kabla ya kuupiga akauliza lile neno linaandikwaje, maana alitaka kuliingiza kitabuni bila makosa. Bupe akajiweka wima, akamtajia herufi moja moja.